Wanja wa Bibi kwenye Dirisha la Viza

Mimi si mtu wa kuogopa. Nilifika London na suti ya kuazima, viatu vilivyonibana, darasa la saba la Tanga kichwani na Kiingereza cha kuombea maji. Nimeosha masufuria Kilburn mpaka kucha zikalainika. Nimefagia ofisi za watu ambao baadaye walinipigia simu wenyewe na kuniita "sir". Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema kwamba asubuhi moja, ndani ya chumba cha viza cha ubalozi wa China, niliogopa hadi Kiingereza changu chote kikanitoka, msomaji ajue kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Niseme kwanza nilifikaje pale. Miaka ile ya tisini viza ilikuwa ni foleni. Unaamka alfajiri, unajipanga ukutani na baridi inakutafuna masikio, unafika dirishani unaambiwa picha yako ni kubwa mno, rudi kesho. Mwenye duka hawezi maisha hayo. Kulikuwa na Mhindi mmoja wa Ilford, mzaliwa wa Mwanza, anaongea Kiswahili kunishinda mimi. Alikuwa anakwenda Guangzhou kununua vyombo vya jikoni. Siku moja alinikuta nafagia mbele ya duka la jirani yake, akaniambia, "Ndugu yangu, wewe una miguu, mimi nina kazi. Nenda kanisimamie." Nikamsimamia. Mwezi uliofuata akaniletea kaka yake, na kaka yake akaniletea nusu ya msikiti.

Nikashonesha fulana yenye mifuko ndani, kila mfuko pasipoti moja, nikawa natembea kifua kimevimba kama bondia. Nilijua kwamba Mmarekani anataka picha ya mraba na Mchina anataka nyembamba, masikio yaonekane. Nilijua dirisha lipi lina mama mkali na lipi lina kijana asiyetaka maneno mengi. Watu waliosoma vyuo vikuu walikuwa wananiuliza mimi, wa darasa la saba, "Hapa niandike nini?" Miaka ya elfu mbili ilipoanza tayari nilikuwa na chumba changu Walthamstow, juu ya duka la vitambaa, sokoni kabisa, na kibao mlangoni. Ukitaja viza, watu wanaelekeza kwangu kwa kidole.

Sasa, mke wangu ana mdogo wake, ambaye ni shemeji yangu. Yeye alichukuliwa na bahati nyingine akaangukia Houston, Amerika, akaolewa huko na kijana wa kwetu Tanga, akazaa binti. Binti hajajua hata kukaa, baba yake akaondoka kwenda Guangzhou kutafuta maisha. Akawa anajaza makontena, anapeleka Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka ukazaa mwaka. Mke na mtoto wako Amerika na pasipoti za Kimarekani, mume yuko China na pasipoti ya Tanzania, wanaongea kwa kadi za simu. Mtoto anamjua baba yake kama sauti inayokatika katikati ya neno.

Hatimaye mwanyumba wangu, yaani huyo mume wa shemeji, akapata nyumba ya maana kule, akasema, "Njooni." Shemeji akanipigia simu akiuliza ahangaike vipi na viza.

Nikamwambia, "Usihangaike na kitu huko. Kata tiketi ya kupitia London, kaa na dada yako siku chache, viza ya China utaipata hapa. Niachie mimi."

"Shemeji, una uhakika?"

"Unamuuliza nani?"

Wakaja. Shemeji alishuka kwenye ndege ameshikwa na homa na koo limevimba. Mtoto alishuka mzima, amevuka miaka minne, koti la manjano, mdomo haufungi. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu ni Kiingereza tu, tena kile cha puani cha Houston. Mke wangu akamfundisha aniite Baba Mkubwa. Akakaa akafikiri, akaniita "Big Baba". Nikakubali. Nilipenda hata, maana mimi ni mkubwa.

Siku ya kupeleka pasipoti shemeji alikuwa kitandani, amejifunika mpaka puani. Hilo halikunisumbua, kwa sababu kwenye kazi yangu wenye pasipoti hawaendi. Zinakwenda pasipoti na mimi. Lakini mtoto aliponiona navaa fulana yangu ya mifuko akalilia basi la ghorofa. Alitaka kukaa juu, mbele, kwenye kioo. Wapo waliosema baadaye kwamba ningemwacha nyumbani. Mtoto analia, utamwacha? Hadi leo nasema kumchukua hakukuwa na ubaya wowote. Na pia, basi niseme, nilitaka wale wenzangu wa foleni wamwone. Wao walikuwa na watoto wa London. Wangu alikuwa wa Amerika.

Foleni yote ilimpenda. Aliwaimbia, akawauliza majina, akamwambia Mkenya mmoja kwamba kofia yake mbaya. Tukafika dirishani kwa yule kijana wa miwani, asiyetaka maneno. Tulishazoeana. Mimi namsukumia fomu na pasipoti, yeye anatazama, ananipa risiti, naondoka. Siku hiyo, badala ya kukaa kimya kama siku zote, nikamnyanyua mtoto nikamkalisha kwenye ukingo wa dirisha.

"Msalimie mjomba," nikamwambia.

Akamsalimia. Kijana akatabasamu, akafungua pasipoti ya mtoto kwenye ukurasa wa picha. Kisha tabasamu likakaa usoni mwake muda mrefu kuliko kawaida, kama kitu alichosahau kukiondoa. Akamtazama mtoto. Akatazama picha. Akaisogeza karibu na taa.

Mimi ambaye nimerudisha picha za watu kwa sababu ya sikio moja, ile pasipoti nilikuwa nimetazama tarehe tu. Ina uhai wa kutosha, basi. Kijana alipoigeuza kunionyesha ndipo nilipoiona picha kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtoto mchanga, sawa. Lakini alikuwa na nyusi nyeusi nene, pana kama za mzee wa baraza, zimekutana katikati. Macho yamezungushiwa weusi. Kwenye paji la uso doa jeusi la mviringo, kubwa kama kifungo cha shati. Na huyu aliyekaa mbele yangu na koti la manjano alikuwa na vinyusi ambavyo lazima uvitafute, na paji la uso safi kama sahani iliyooshwa.

"Huyu ni nani?" kijana akauliza kwa Kiingereza.

"Binti yangu," nikasema.

Sikudanganya. Kwetu mtoto wa mdogo wa mke wangu ni mwanangu. Nikifa analia kama wengine. Hakuna mtu Tanga ambaye angeniuliza swali la pili. Lakini kijana akatazama jina la ukoo la mtoto, akatazama kadi yangu ya kazi, ambayo ina jina lingine kabisa. Akaacha kuniuliza mimi. Akainama kwa mtoto na kumuuliza kwa upole kama mimi ni baba yake.

"Hapana," akajibu, kwa ile sauti ya kusikika chumba kizima. "Baba yangu yuko China."

"Na mama yuko wapi?"

"Amelala. Haamki."

Alitaka kusema mama anaumwa. Najua alitaka kusema hivyo. Lakini ndivyo alivyosema, haamki, na foleni yote ikasikia.

Kijana akakusanya pasipoti zote mbili, akasimama, akaingia nazo kwenye mlango ulio nyuma yake. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimeona pasipoti za watu zikiingia mlango ule. Za kwangu zilikuwa hazijawahi.

Mlinzi wa mlangoni akaja akanigusa bega. Nilikuwa nikimwona pale kila wiki, tunapeana salamu ya kichwa tu. Ni Mkongomani wa Bukavu, mrefu, anatafuna kijiti.

"Mzee, kuya ukae hapa."

Nikakaa. Ndipo hofu iliponiingia, kama nilivyosema. Mtoto nikampakata.

"Mutoto ni wa nani?" akaniuliza taratibu.

"Wangu."

"Wako namna gani?"

"Mama yake ni mdogo wa mke wangu."

"Ah." Akatoa kijiti mdomoni. "Kumbe haiko wako."

"Ni wangu!"

"Kwetu pia iko wako, mzee. Kwetu hata wa jirani iko wako. Lakini hapa mutoto iko wa mwenye karatasi." Akatazama mlango wa ndani. "Ulisema ni binti yako, naye amekukana mbele ya batu. Balishachukua mutoto wa mutu wa kwetu hivi hivi. Sosho balikuya nyumbani na gari. Kumurudisha ilikamata mwaka."

"Unanitisha?"

"Hapana. Ninakusaidia uogope mapema, ukifika ndani usiogope mbele yao."

Kama alidhani hilo litanituliza, basi walinzi wa Bukavu wana dawa zao. Mwafrika gani wa London hajui neno hilo, sosho, wale watu wa ustawi wa jamii wanaochukua watoto? Tunalisema kwa sauti ya chini, watoto wakiwa chumba kingine. Nilimwona mwanangu huyu wa Houston anaingizwa kwenye gari dogo na mwanamke mwenye kitambulisho shingoni. Nilimwona anapelekwa kwenye nyumba ya watu wasiojua kwamba hali mkate bila kuutoa maganda, na kwamba usingizi haumshiki mpaka ashike sikio la mtu. Nilimwona mwanyumba wangu kule Guangzhou amepokea simu, amesimama katikati ya makontena yake.

Na njia ya pembeni sikuiona, mimi ambaye huwa naiona. Pasipoti mpya ya Kimarekani? Nilizijua kanuni zao. Mtoto wa umri ule lazima wazazi wote wawili waridhie, na mmoja wao yuko upande wa pili wa dunia. Kuchukua mtoto tukaondoka? Pasipoti zimo ndani. Na ukikimbia na mtoto ambaye amesema wewe si baba yake, ndiyo umemaliza kazi.

Mtoto akavuta kola yangu. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama hapa ndiyo China.

"Karibu tufike," nikamwambia.

Akatazama chumba kile, viti vya plastiki, kalenda yenye mlima ukutani, watu na makoti yao. Akasema ni ndogo.

Simu ya mkononi nilikuwa nayo, nilikuwa nayo kabla ya watu wengi. Nikampigia mke wangu. Nashukuru siku ile hakuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi.

"Mlete mdogo wako hapa ubalozini. Sasa hivi."

"Ana homa inamtoa jasho, baba watoto. Kuna nini?"

"Wamechukua pasipoti. Wanasema mtoto wa kwenye picha si huyu."

"Si huyu vipi? Wewe umewaambiaje?"

"Nimewaambia ni binti yangu."

"Umewaambia nini?"

"Ningesema nini? Mtoto wa jirani?"

Nikamsikia anavuta kiti, akakaa. Kisha akasema polepole, "Nyusi."

"Nyusi za nani?"

"Mama. Mama alikwenda Amerika kumtunza mzazi. Siku ya arobaini akampaka mtoto wanja, nyusi na macho, na doa la kuzuia jicho la watu. Siku hiyo hiyo wakampeleka kupigwa picha ya pasipoti, mama akakataa katakata kumfuta. Alisema atatazamwa na Wazungu wangapi, kisha hana kinga?"

Mama mkwe wangu nampenda. Lakini dakika ile, wallahi, kama angekuwa mbele yangu tungegombana.

"Mwambie mdogo wako avae, aje," nikasema.

"Anatetemeka."

"Aje atetemekee huku!"

Kutoka Walthamstow mpaka pale ni treni moja tu, naijua kila stesheni kwa kunusa. Asubuhi ile niliipita kichwani mara nyingi, nawaona wanapanda, nawaona wanashuka, kisha naanza upya. Dirisha hufungwa mchana. Watu walikuwa wanapungua. Yule kijana wa miwani akatoka na mwanamme mwingine wa suti, wakaniita pembeni, wakaniuliza tena mimi ni nani kwa mtoto huyu. Kiingereza changu, ambacho nimekijenga tofali kwa tofali, kikabomoka. Nikasema dada, nikasema mdogo, nikasema mke, nikaona kwenye macho yao kwamba sasa nina wake wawili. Wakanitaka niandike anwani yangu. Nikaiandika kwa herufi za mtoto wa chekechea. Mwenye suti akasema watamsubiri mama hadi wafunge. Baada ya hapo itabidi waite mtu. Hakusema mtu gani. Mlinzi wangu wa Bukavu akaangalia viatu vyake.

Walifika chumba kikiwa karibu kitupu. Shemeji alikuwa amevaa koti kubwa la dada yake, chini yake kanga aliyolala nayo, kichwani mtandio umekaa upande, macho mekundu yamevimba. Akanyoosha mikono, "Njoo mwanangu, njoo kwa mama."

Na mtoto hakwenda.

Alimtazama yule mwanamke wa macho mekundu aliyezama ndani ya koti asilolijua, akajibana kifuani kwangu, akanishika sikio. Nikaona wale wawili nyuma ya kioo wametazamana. 

Shemeji akaanza kulia. Ndipo mke wangu alipofungua pochi yake akatoa kichupa cha wanja.

"Wewe, una wazimu?" nikamnong'oneza. "Hapa ni ubalozini, si ngomani."

"Nyamaza, baba watoto. Umeshaongea vya kutosha leo."

Akapiga magoti mbele yangu, palepale kwenye viti vya plastiki. "Fumba macho, nikupake kama bibi," akamwambia mtoto kwa Kiswahili. Na mtoto, ambaye alikuwa ananing'ang'ania kama kupe, akafumba macho na kuinua kidevu juu, kama mtu aliyekwishaufanya mchezo huo mara nyingi na bibi yake kule Houston. Mke wangu hakuharakisha. Nyusi ya kulia, nyusi ya kushoto, akaziunganisha katikati. Akazungusha macho. Kwa ncha ya kidole akaweka doa kwenye paji la uso. Watu waliobaki kwenye foleni walikuwa wamegeuka wote. Hakuna aliyecheka.

Mtoto akafumbua macho. Nami nikaogopa upya, maana yule wa kwenye picha alikuwa amekaa mapajani mwangu.

Akajitazama kwenye kifuniko cha kile kichupa, akacheka. Akachovya kidole chake ndani, akashuka kwangu, akaenda moja kwa moja kwa shemeji. "Na wewe, Mama," akasema, kwa Kiswahili, neno kwa neno, mara ya kwanza tangu afike. Akampaka doa. Likakaa juu ya jicho, halikukaa katikati. Shemeji akamkumbatia na ile homa yake.

Nyuma ya kioo sasa kulikuwa na mwanamke, mtu mzima, nywele fupi zenye mvi. Sikumwona alipotoka. Alikuwa na pasipoti mkononi. Alimwita mtoto kwa kidole, mtoto akaenda, wakatazamana.  Mwanamke akagusa katikati ya nyusi zake mwenyewe kwa kidole, akamwambia yule kijana jambo kwa Kichina, refu kidogo. Kijana akavua miwani akaifuta. Kisha yule mama akamwambia shemeji kwa Kiingereza kwamba bibi yake yeye alikuwa akimwekea doa jekundu.

Hakutuachia hivi hivi, msidhani. Alitaka cheti cha kuzaliwa, na mke wangu alikuwa amekitia kwenye mfuko wa lile koti kabla hawajatoka nyumbani. Alimuuliza shemeji hospitali gani, mume anakaa mtaa gani Guangzhou, anafanya kazi gani, na shemeji akajibu kwa sauti iliyopwelea. Mwisho akanigeukia mimi.

"Na wewe ni nani?"

"Mume wa dada wa mama yake," nikasema. Ni maneno mengi, na yananiweka mbali. Lakini niliyasema.

"Umejifunza, mzee," Mkongomani akasema nyuma yangu, na kijiti kikarudi mdomoni.

Tukapewa risiti tuje siku nyingine. Hapo ndipo watu wakisikia hadithi hii hupumua. Mimi sikupumua. Anwani yangu ilikuwa imebaki kule ndani, kwa mwandiko wa mtu mwoga. Siku zile za kusubiri kila gari lililopunguza mwendo mtaani kwetu lilikuwa la sosho. Nilimkataza mtoto kusimama dirishani. Mtu wa posta aligonga mlango, nikamfungulia na mkono nyuma, kama nimeficha kitu. Kazini niliwaambia wateja kwamba nina mafua. Mke wangu alinitazama nikikagua pazia, akasema, "Si ulisema niachie mimi?" Akacheka, lakini na yeye nilimwona usiku amemhamishia mtoto kitandani kwetu, kati yetu, upande wa ukuta.

Siku ya kuchukua nilikwenda peke yangu. Yule kijana alinipa pasipoti bila neno. Nilizifungulia palepale. Viza mbili, safi, mihuri imekaa sawa. Nikatoka mpaka barabarani na ndipo nilipohisi njaa, tena ya siku nyingi.

Sasa kwa mtu mwingine mambo yangekuwa yamekwisha. Mimi nafahamu kazi yangu. Viza ni karatasi. Mlango wenyewe uko uwanja wa ndege, na mwingine uko Guangzhou. Kila mlango una mtu, na kila mtu atafungua ukurasa ule ule wa picha. Basi tulipofika Heathrow nikawaweka kwenye benchi kabla ya kaunta, nikatoa kichupa.

"Nipe mimi, shemeji," shemeji akasema.

"Kaa. Picha hii nimeitazama kuliko wewe."

Nikampaka mimi. Kwa vidole hivi hivi vilivyosugua masufuria ya Kilburn. Watu wanapita na masanduku, wanageuza shingo, mimi napaka. Mtoto alituliza uso, ananipulizia pumzi ya biskuti. Alipoona mkono wangu unatikisika akaushika kwa mikono yake yote miwili, akanisaidia kuutuliza hadi nimalize doa.

Kwenye kaunta dada wa shirika la ndege alifungua ukurasa, akatazama, akatazama tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, siruhusiwi kusogea, nimeshika koti la manjano ambalo mtoto alikuwa amekataa kulivaa. Nikamwona yule dada amecheka, akamgusa mtoto shavu, akawarudishia. Wakaenda. Mtoto hakugeuka. Shemeji aligeuka mara moja, sikumwona vizuri.

Nilikaa karibu na simu siku ile yote na iliyofuata. Mke wangu alikwenda kwenye zamu, akarudi, akanikuta pale pale. Ilipolia nikapokea, nikajua kwa ule ukelele wa mbali kwamba ni China.

"Mwanyumba," mwenzangu akasema. "Umenitumia mtoto au kinyago?"

Nikamwashiria mke wangu aje asikie.

"Nilisimama pale wanapotokea abiria nimejaa hofu, bwana," akasema. "Watu wanamiminika. Nikasema nitamjuaje? Mimi nilimwacha hajakaa. Hata mama yake nilihofu nitampita. Halafu nikaona nyusi za mama mkwe zinakuja zenyewe." Kukatoka sauti nisiyoitaja, kisha akauliza, "Nani alimpaka?"

"Mimi," nikamwambia. "Na zimetoka sawa kuliko za bibi yake. Kama unabisha, linganisha na picha."

Akacheka, laini ikakatika. Niliweka simu chini. Mke wangu akanisogezea chai, na ilinibidi niishike kwa mikono miwili. Weusi wa wanja ulikuwa bado umo kwenye kucha.